Kipa wa Dakika za Lala Salama

Pankrasi Luambano alisugua benchi miaka minane, na mtu asikudanganye, kukaa benchi nako kuna ufundi wake. Yuko anayekaa kwa sababu amekata tamaa, na yuko anayekaa akisubiri kuitwa. Pankrasi alikuwa wa aina hiyo ya pili. Kamba za viatu amefunga, glavu ziko mapajani, macho hayabanduki kwenye miguu ya washambuliaji wa upande wa pili. Mashabiki wa Songea walimtania sana. "Huyo kaajiriwa kukalia makalio yake," walisema, naye alicheka pamoja nao, maana alijua mambo yakiharibika watamwita wao wenyewe.

Alizaliwa Mpitimbi, mtoto wa tatu wa mkulima wa mahindi. Mpira aliuanza kwenye mashindano ya vigango vya parokia, na wala hakuwa kipa, alikuwa beki. Siku moja kipa wao aliteguka kifundo, mechi ikaisha sare, wakaanza kupigiana matuta ya penalti. Pankrasi akasukumwa golini kwa sababu tu alikuwa mrefu kuliko wenzake. Alidaka manne kati ya matano. Akina mama wa kigango walimbeba juujuu, na paroko mwenyewe aliruka mpaka kofia ikamtoka.

Aliyekuwa anatazama siku ile ni Rupert, kocha wa Luhira Mbao, timu ya kiwanda cha mbao cha serikali pale mjini. Alimfuata kijana akamuuliza, "Unajuaje mpira unakokwenda?"

"Mimi siuangalii mpira, Mwalimu," Pankrasi akajibu. "Naangalia ule mguu unaobaki chini. Kidole chake gumba kinakoelekea, mpira nao unakwenda hukohuko."

Wiki iliyofuata alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Ilikuwa mwaka 1984, na timu za mashirika ndivyo zilivyokuwa: unaandikwa kwa jina la kazi, unalishwa kwa jina la mpira. Asubuhi Pankrasi alipanga mbao ghalani, saa nane mchana alikuwa uwanjani. Alipewa chumba na sebule kwenye nyumba za kiwanda kule Mjimwema, akamleta mkewe Lukresia na binti yao mdogo Careen, na hukohuko akazaliwa Calvin. Kwa mtoto wa mkulima wa Mpitimbi, hayo yalikuwa maisha ya kumshukuru Mungu.

Kipa namba moja alikuwa Muhsini, Myao wa Tunduru, mfupi, mwepesi, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mpira wa chini hakuna aliyempita. Lakini krosi za juu zilimpa tabu, na matuta ndiyo kabisa, alikuwa akiruka kwa kubahatisha. Basi Mwalimu Rupert akabuni mtindo wake ambao watu waliuona wendawazimu. Enzi zile uliruhusiwa kubadilisha wachezaji wawili tu, naye alikuwa radhi kuteketeza nafasi moja kwa ajili ya kipa. Luhira Mbao wakiongoza kwa bao moja na zimebaki dakika saba, anamtoa Muhsini, anamwingiza Pankrasi azoe krosi. Mechi ya mtoano ikielekea sare, hivyohivyo. Watangazaji wa redio walikuwa na usemi wao, "sasa tunaingia dakika za lala salama," na uwanja mzima wakawa wanamwita Pankrasi Lala Salama.

Muhsini hakuwa na kinyongo. "Mimi nalima, napalilia, nafukuza nyani," alikuwa akimwambia, "wewe unakuja na kikapu kuvuna. Wallahi, Mngoni wewe, utaulizwa siku ya kiyama!"

"Na wewe utaulizwa krosi zote ulizoziacha," Pankrasi alijibu, na chumba kizima kiliangua kicheko.

Miaka minane, na hakuwahi kucheza dakika tisini hata mara moja. Aliwahi kumwomba Mwalimu, mara moja tu. Rupert akamwambia, "Ukicheza tisini watakuzoea. Nakutaka uingie wakiwa wameshachoka na hawakujui." Pankrasi alirudi benchi, na ukweli ni kwamba hakuumia sana. Alizipenda zile dakika zake. Alipenda kuvua koti, watu elfu tano wakipiga kelele kisha wakanyamaza kwa pamoja, mpigaji akivuta hatua nyuma. Hapo ndipo alipojisikia mtu kamili. Kwingine kote, ghalani na nyumbani na hata kanisani, alijiona kama anasubiri tu.

Sasa sikia habari ya kamati.

Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na mwenye akili anajua ufundi gani unaosemwa. Ya Luhira Mbao iliongozwa na Mzee Daimu, mtunza stoo wa kiwanda. Yeye ndiye aliyejua timu iingie uwanjani kwa geti lipi, nani atangulie mguu wa kushoto, na nini kifukiwe wapi. Siku tatu kabla ya mechi kubwa wachezaji waliwekwa kambini, na kambini kulikuwa na mwiko mmoja uliozidi miiko yote: neno "naumwa" halitamkwi. Kila asubuhi Mzee Daimu alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Vipi wewe?" Unajibu, "Chuma!" Basi. Ukisema kichwa kinagonga, tumbo linasokota, goti limevimba, umevunja dawa ya timu nzima. Na mtu avunjaye dawa makusudi, kwa hesabu za Mzee Daimu, ni mtu aliyenunuliwa.

Msidhani ni maneno matupu. Mwaka 1989 winga mmoja, Amedeus, alisema goti linamuuma. Wakampumzisha, mechi wakafungwa. Jioni ileile vitu vyake vilikuwa nje ya geti, na mpaka anaondoka Songea watu walimwita Msaliti mbele ya mkewe. Goti lilikuwa limevimba kama papai, kila mtu aliliona. Lakini ameshasema, na wamefungwa, basi. Pankrasi, mtu wa misa kila Jumapili, alijiambia kwamba mambo ya Mzee Daimu hayamhusu. Hata hivyo asubuhi alijibu "Chuma!" kama wenzake, tena kwa sauti.

Mwaka 1992 upepo ulikuwa umegeuka. Ilikuwa ruksa, kila mtu afanye biashara, madukani kumejaa sabuni na redio za kaseti, na viwanda vya serikali vimeanza kukohoa. Ikasemwa kiwanda cha mbao kinatafutiwa mnunuzi. Meneja, Bwana Kajetani, aliwaita wachezaji ofisini akawaambia kwamba yuko tajiri anayekitaka, na tajiri huyo ana ugonjwa wa mpira. Timu ikipanda daraja ataibakiza, wachezaji wote na kazi zao na nyumba zao. Isipopanda, hana ahadi. Ilibaki mechi moja, ya mtoano, nyumbani, dhidi ya Nyota ya Makambako. Wachezaji kumi na wanane walitoka ofisini wakaenda moja kwa moja mazoezini.

Na Pankrasi alikuwa na siri.

Wiki tano nyuma, mazoezini, aliruka kudaka krosi akaangukia bega la kushoto kwenye changarawe. Lilitoa mlio wa kijiti kikavu. Alijizoazoa, akacheka, akasema hakuna kitu. Nyumbani aliliona mwenyewe: mkono haupandi kuvuka kifua. Lukresia alimkanda kila siku kwa maji ya moto na chumvi, akampaka mafuta ya nyonyo, akamfunga kanga. Mazoezini Pankrasi alijifanya anaweka akiba ya nguvu, na kwa kuwa ni kipa wa akiba, nani alimjali?

"Kawaambie," Lukresia alimwambia.

"Nikisema, nimekwisha. Wataandika mwingine. Na tukifungwa watasema nilinunuliwa. Hukumwona Amedeus?"

"Usiposema na mkafungwa, je?"

"Muhsini atacheza mpaka mwisho, tutashinda kwa mabao. Pengine sitaitwa kabisa."

Hivyo ndivyo alivyojidanganya mtu mzima na ndevu zake. Lukresia aliendelea kukanda, na machozi yakimdondoka aliyafuta kwa kiwiko, maana viganja vyake vilikuwa na mafuta.

Asubuhi ya mechi Mzee Daimu alipita vitandani.

"Vipi wewe, Luambano?"

"Shikamoo, mzee. Chuma!"

Baadaye moyo ulimsuta, akamfuata Mwalimu Rupert nyuma ya jiko la kambi. Mwalimu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alipomwona Pankrasi uso ukamchangamka. "Lala Salama," akasema, "wewe ndiye unanipa usingizi. Wengine wote naogopa, wewe siogopi. Unasemaje?"

Jamani, hapo ndipo pa kusema! Kocha yuko peke yake, hakuna Daimu, hakuna mtu. Pankrasi alifungua kinywa. Akaona ile furaha usoni kwa Mwalimu, akaona vitu vya Amedeus vimetupwa nje ya geti, akaona na zile dakika zake, uwanja ukinyamaza, mpigaji akivuta hatua nyuma. Kwa mara ya mwisho maishani, pengine. Akasema, "Chuma, Mwalimu."

Muhsini alicheza siku ile kuliko siku zote. Alitema, alipangua, alilala miguuni mwa watu. Alikuwa na moto mpaka mashabiki wakawa wanaimba jina lake. Bila kwa bila. Dakika ya themanini na nane Mwalimu akainuka, akamgusa Pankrasi begani. Begani hapohapo. Pankrasi aliuma meno, akavua koti, uwanja ukalipuka: "Lala Salama! Lala Salama!" Muhsini alitoka akimpisha, akamwambia kwa kicheko, "Kikapu chako hicho, kavune."

Matuta yakaanza, Luhira Mbao wakatangulia. La kwanza la Nyota lilipigwa katikati, likaingia. La pili Pankrasi aliusoma mguu vizuri, akaenda kulia, akaupangua mpira kwa mkono wa kulia. Watu walichanganyikiwa, wengine walivunja uzio. La tatu lilikwenda kushoto juu. Aliusoma. Aliujua kabla haujapigwa. Alikwenda, mwili ukaenda, mkono ukabaki. Watu wakasema bahati mbaya. La nne kushoto tena, mkono ukabaki tena, na hapo nahodha wa Nyota, ambaye hakuwa mjinga, akamnong'oneza mpigaji wa mwisho kitu sikioni.

Luhira Mbao walikuwa wamepiga yote matano, wakapata manne. Nyota walikuwa na matatu, limebaki moja. Akilidaka hili, mchezo umekwisha, timu imepanda, watu kumi na wanane wana kazi. Mpigaji akaja. Kidole gumba cha mguu wa chini kikaelekea kushoto, waziwazi, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda sokoni. Na mpira ukapigwa vibaya, hauna nguvu, umekwenda kushoto kiasi cha kiunoni, wa kudakwa na bibi kizee ameshika mkongojo. Pankrasi alikuwa ameshafika. Mpira ulipita mbele ya uso wake. Aliuona mshono wake. Aliuambia mkono inuka, inuka, Mama Maria, inuka. Haukuinuka.

La sita Luhira Mbao waligonga mwamba, Nyota wakafunga lao. Aliyegonga mwamba hakuna anayemkumbuka mpaka leo.

"Kauza!" Mzee Daimu ndiye aliyeanza. "Mpira ule? Kauza huyo!" Neno likapanda majukwaani, likashuka, likatoka nje ya uwanja kabla Pankrasi hajafika chumba cha kubadilishia nguo. Kule ndani aliwaambia. Alivua jezi, akawaonyesha bega, lilikuwa jekundu na limeshuka chini.

"Ni bega," alisema. "Wiki ya sita sasa. Muulizeni mke wangu."

"Bega lipi?" Mzee Daimu akamjibu. "Asubuhi si nilikuuliza? Ulisema nini?"

Pankrasi aliivuta jezi akalifunika bega.

"Ulisema nini, Luambano? Waambie wenzako."

"Nilisema chuma."

"Na mimi pia uliniambia chuma," Mwalimu Rupert akasema, polepole, na hakumtazama tena.

Ukisema unaumwa, umenunuliwa. Usiposema ukashindwa, umenunuliwa. Ndiyo sheria waliyojiwekea wenyewe, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyesimama akasema, enyi watu, huyu angesema vipi? Wote walikuwa wanatafuta mtu wa kumwangushia nyumba zao zilizokuwa zinaondoka.

Muhsini alikuwa wa mwisho kutoka. Alikaa karibu naye kwenye benchi, mdomo ule usiopumzika umepumzika. "Ungeninong'oneza mimi tu," akasema baadaye. "Mimi tu, Pankrasi. Ningejifanya sisikii Mwalimu ananiita. Ningekaa golini hadi mwisho, wallahi." Pankrasi alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Muhsini alimwacha alie, kisha akabeba begi lake. Baada ya mwezi alirudi kwao Tunduru kwenye korosho, hakuandika barua.

Kiwanda kilifungwa mwaka huohuo. Misumeno ilipakiwa kwenye malori, ikaondoka na barabara ya Njombe. Je, timu ingepanda ingebaki? Tajiri mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Lakini ukiwaambia hivyo watu wa Mjimwema wanakukasirikia. Walitolewa kwenye nyumba za kiwanda na magodoro yao vichwani, na walipopita mlangoni kwa Pankrasi, naye akitoa vyake, walitema mate chini.

Familia ikahamia chumba kimoja, mtaa wa Lizaboni. Pankrasi alikwenda kuomba timu Mbinga. Walimchukua, wakamweka benchi msimu mzima, na kila ilipofika dakika ya themanini kocha alimtazama kisha akatazama pembeni. Jina lilikuwa limetangulia kufika kuliko yeye. Hospitali walimwambia bega limejishika vibaya, angekwenda mapema lingerudi. Akarudi Mpitimbi kulima shamba la marehemu baba, mwaka ambao mbolea iliondolewa ruzuku, mahindi yakatoka ya njano, mafupi, ya aibu. Mkono mmoja haulimi sana. Akarudi mjini kuuza nguo za mitumba, na hata hapo wateja walimtania. "Lala Salama, shati hili umeuza au umeuziwa?" Aliwajibu kila mara, kwa upole, bila kuchoka: "Sikuchukua kitu cha mtu." Alimwambia muuza dagaa, alimwambia katekista, aliwaambia walevi wa ulanzi. Miaka minne alikuwa anarudia neno hilohilo. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine, kazi imekwenda, nyumba imekwenda, mpira umekwenda, lakini alikuwa mtu safi, na yuko mtu mmoja duniani anayejua hivyo kwa mikono yake mwenyewe, maana ndiye aliyemkanda.

Mwaka 1996 Careen alichaguliwa kwenda sekondari. Furaha haikumaliza hata siku mbili. Ilikuja karatasi ya mahitaji: ada, michango, godoro, sare, ndoo, jembe. Pankrasi alizunguka kwa ndugu, Mpitimbi mpaka mjini, akarudi na kuku mmoja. Siku ya kuripoti ilipita. Wiki ikapita. Careen alikuwa ndani amelala ameelekea ukutani, hataki kula, hataki kusemeshwa.

Mchana wa Jumamosi Lukresia alikuwa uani anachambua likolo, mboga ya jioni. Pankrasi alikuwa amekaa kizingitini. Mara mkono wa Lukresia ukasimama.

"Baba Careen," akasema. "Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Siku ile ya Makambako." Hakumtazama, alitazama majani. "Hukuchukua kitu kweli?"

Pankrasi alihisi kama amepigwa kofi. Alisimama. Alitaka kupiga kelele, we mwanamke, bega hili si umelikanda wewe? Si umelifunga kwa kanga yako? Lakini Lukresia aliinua uso, na Pankrasi akauona, akakaa tena kizingitini. Uso ule haukuwa unamshtaki. Ulikuwa na matumaini. Kwa mara ya kwanza tangu watoke Mjimwema, mkewe alikuwa anatumaini kitu.

"Kama ulichukua sitasema kwa mtu," Lukresia akaharakisha. "Sitauliza ni kiasi gani. Kama kuna mahali umeweka, hata kwa Muhsini, hata kama umefukia, sema tu. Mtoto aende shule. Nitakushukuru, baba Careen. Nakuapia, nitakushukuru."

Pankrasi angetamani siku ile awe na jibu lolote isipokuwa hilo moja alilokuwa nalo.

"Sikuchukua," akasema. "Unajua sikuchukua."

Lukresia alitikisa kichwa kukubali. Alimwamini, ilionekana kabisa kwamba amemwamini. Akainama tena kwenye ungo wake, akaokota jani, akalichana katikati.

"Afadhali ungechukua," akasema.